Njano juu ya nyeupe: mwongozo kamili wa kuchavusha mahindi kwa mkono mpaka upate tatu kwa moja

Kila msimu swali linarudi lilelile. Mwalimu amepanda mistari miwili ya mahindi, mmoja meupe na mmoja wa njano, ili wanafunzi waone kwa macho yao jinsi sifa inayotawala inavyorithiwa na jinsi ile inayojificha inavyorudi. Miezi minne baadaye ana mahindi yenye punje zilizochanganyika ovyo, uwiano wa njano tatu kwa nyeupe moja hauonekani, na darasa limeshakata tamaa. Mkulima naye ana la kwake: alihifadhi mbegu nyeupe safi, na sasa anamenya mahindi yenye madoa ya njano.

Makosa huwa ni matatu: mmea upi umefanywa mama (yaani unaobeba hindi), chavua imetoka wapi, na punje za njano iliyopauka zimehesabiwa upande gani. Yote matatu yanazuilika.

Nimechagua mahindi kwa sababu punje yenyewe ndiyo mtoto. Ukitaka kufuata rangi ya ua la njegere, lazima upande tena mbegu na kusubiri zichanue. Kwenye mahindi, ukimenya hindi moja unaiona familia nzima ya ndugu mamia, imepangwa mistari. Kazi yote inachukua misimu miwili. Penye vuli na masika unaweza kumaliza ndani ya mwaka. Kwenye mikoa ya mvua moja kama Iringa, Mbeya na Ruvuma, msimu wa pili itabidi umwagilie au usubiri.

## Vifaa

- Punje 40 za mahindi meupe, kutoka kwenye mahindi yasiyo na hata punje moja ya njano. Staha, Situka au Katumani zinafaa.
- Punje 40 za njano, kutoka kwenye mahindi ya njano matupu.
- Mifuko midogo ya kaki inayotosha kuvika hindi changa, na mikubwa ya kaki inayotosha kuvika mbelewele (ua dume la juu ya mmea, linalomwaga chavua). Chukua ya ziada, mingine itachanika.
- Stepla yenye pini za kutosha, au klipu za karatasi.
- Mkasi mkali, kichupa cha spiriti na kitambaa safi.
- Kalamu ya maka isiyofutwa na maji.
- Vipande vya plastiki na uzi, kwa ajili ya kuandika alama za mimea.
- Daftari.
- Pini zenye vichwa vya rangi, kwa ajili ya kuhesabia.

Usitumie mifuko ya plastiki. Hindi linatoa jasho ndani yake, nywele zinaoza na chavua inashikana.

Mbegu za dukani mara nyingi zimepakwa dawa yenye rangi, hivyo rangi ya punje huioni. Tafuta mbegu isiyopakwa, au hindi kavu la shambani. Bisi ziache kabisa, kwa sababu aina nyingi za bisi zikiwa mama hukataa chavua ya mahindi ya kawaida, nawe utadhani umekosea kuchavusha.

## Herufi mbili za kukumbuka

Rangi tunayoifuata inaongozwa na jeni (kipande cha maelekezo ya urithi) iliyoko kwenye kromosomu ya 6 ya mahindi, mmoja wa nyuzi zinazobeba jeni. Kila mmea una nakala mbili za jeni hiyo, moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Nakala inayotengeneza rangi ya njano tuiite N. Ile isiyotengeneza rangi tuiite n.

Mmea wenye NN hutoa njano, na wenye nn hutoa nyeupe. Wenye Nn hutoa njano pia, kwa kuwa nakala moja inayofanya kazi inatosha kujaza rangi ndani ya punje. Kutawala ni huko tu. Hakuna maana kwamba N ina nguvu zaidi, au kwamba n ni dhaifu na itapotea. Ndani ya mmea wa Nn, n ipo nzima, na nusu ya chavua ya mmea huo inaibeba.

Wanafunzi wengi hudhani sifa inayotawala ndiyo lazima iwe ya kawaida zaidi shambani. Katika maeneo yetu mengi mashamba yamejaa mahindi meupe, yaani sifa inayojificha, kwa sababu wakulima wamekuwa wakiichagua.

## Hatua ya 1: Mama awe mweupe

Ukishika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili.

Mama akiwa mweupe (nn), kila punje iliyotungwa na chavua yako ya njano itakuwa ya njano. Punje iliyotungwa na chavua ya jirani mwenye mahindi meupe, au na chavua ya mmea wenyewe, itabaki nyeupe. Yaani ajali inajionyesha yenyewe, unaiondoa.

Geuza sasa, mama awe wa njano. Punje zote zitakuwa za njano, ziwe zimechavushwa na baba uliyemchagua au zimejichavusha zenyewe. Huna njia ya kujua kwa macho. Utapanda punje za NN ukiamini ni Nn, na kwenye kizazi cha pili mimea hiyo itakupa mahindi ya njano matupu. Wengi wanaoniambia nyeupe imepotea kabisa walianzia hapa.

## Hatua ya 2: Panda kwa zamu

Panda meupe yote siku moja, nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na 30 kati ya mashimo. Ya njano yapande mara mbili: nusu siku hiyohiyo, nusu baada ya siku saba.

Mbelewele humwaga chavua kwa siku chache tu, kisha inakwisha. Mahindi yako ya njano yakiwahi au yakichelewa kuliko meupe, utakuwa na nywele mbichi zinazosubiri na chavua hakuna. Zamu mbili zinakupa nafasi ya pili.

Kwa uzalishaji wa mbegu shamba la mahindi hutengwa kwa mita 200 hivi kutoka shamba lingine. Kwa zoezi hili mfuko ndio utakaotenga, kwa hiyo hata bustani ya shule katikati ya mji inatosha. Ila mfuko ukikosewa, umbali hautakuokoa.

## Hatua ya 3: Vika hindi mfuko kabla nywele hazijatoka

Mimea inapokaribia kutoa mbelewele, pita shambani kila siku. Angalia kwapa la jani, katikati ya bua. Utaona hindi changa linachomoza, limebanwa na jani, ncha yake imechongoka. Hapo bado halina nywele. Livike mfuko mdogo siku hiyohiyo.

Shusha jani taratibu bila kulikata, ingiza mfuko kati ya hindi na bua, usukume chini mpaka ushike. Chagua hindi la juu kabisa kwa kila mmea. La chini huwa dogo.

Kila unywele umeunganishwa na punje moja. Unywele uliokaa nje hata saa chache wakati chavua inapeperuka umeshapata mgeni. Kwa hiyo hindi ambalo tayari limetoa nywele kabla hujalivika, hata ziwe mbili tatu, liache likachomwe. Usilihurumie.

Vika mimea meupe kumi angalau. Utakayovuna vizuri ni michache kuliko uliyoivika.

Hatua imefaulu ikiwa, baada ya siku mbili au tatu, ukichungulia ndani ya mfuko unaona nywele mbichi, laini, zinazong'aa, na mfuko haujatoboka.

## Hatua ya 4: Ondoa mbelewele za mama

Mbelewele za mimea meupe uliyoivika zivute na kuziondoa kabla hazijaanza kumwaga. Shika bua kwa mkono mmoja, vuta mbelewele moja kwa moja kwenda juu kwa mkono wa pili. Usiondoe majani pamoja nayo, kwa sababu majani ya juu ndiyo yanayolisha punje.

Ukisahau mmea mmoja, usifadhaike. Mama ni mweupe, na punje zilizojichavusha zitaonekana.

## Hatua ya 5: Maandalizi ya jioni

Kazi mbili zinafanyika jioni ya siku moja kabla ya kuchavusha.

Kwanza, fungua mfuko wa hindi haraka, kata ncha ya hindi pamoja na nywele, karibu sentimita mbili, kisha rudisha mfuko. Kufikia asubuhi nywele zitakuwa zimeota upya kwa urefu unaolingana, kama brashi, na zote zitapokea chavua kwa pamoja. Nywele zisipokatwa huwa na marefu na mafupi, na hindi linatoka na mapengo. Futa mkasi kwa spiriti kila unapohama mmea.

Pili, vika mbelewele ya baba wa njano mfuko mkubwa, kunja mdomo wa mfuko kuzunguka bua, bana kwa klipu. Chavua ya jirani iliyotua juu ya mbelewele hiyo mchana itakufa usiku kucha. Asubuhi utapata chavua mpya ya mmea huo peke yake.

## Hatua ya 6: Kuchavusha

Nenda shambani umande ukishakauka, kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Ukiwahi, chavua ina unyevu na inashikana. Ukichelewa hadi jua kali la saa 7, nyingi imeshakufa.

Inamisha mbelewele ikiwa bado ndani ya mfuko, igonge kwa kidole mara kadhaa, kisha vua mfuko bila kuusimamisha. Chungulia pembeni mwa mfuko. Chavua nzuri inateleza kama sembe iliyochekechwa mara mbili, rangi yake njano iliyopauka. Vijikapi virefu vilivyochanganyika nayo ni vifuko vya chavua vilivyoanguka, havina madhara. Ukiona imeganda kwenye vidonge, usiitumie.

Sasa haraka. Simama upande ambao upepo unapiga mgongo wako ili mwili ukinge. Fungua mfuko wa hindi, mwaga chavua juu ya brashi ya nywele, vika tena papo hapo. Zoezi lisizidi sekunde kumi. Kisha vika mfuko mkubwa juu ya ule mdogo, uzungushe nyuma ya bua na ubane kwa stepla, ukiacha nafasi ya hindi kunenepa. Andika juu ya mfuko namba ya mama, namba ya baba na tarehe. Andika hayo pia kwenye daftari, kwa sababu mfuko unaweza kuoza na mvua.

Hapo kwenye mvua nimeumia mwenyewe. Msimu mmoja nilitumia mifuko ya gundi hafifu. Mvua ikanyesha usiku, asubuhi nikakuta mifuko saba kati ya kumi na miwili imefunguka chini kama maua, nywele zikiwa wazi. Tangu hapo kila mfuko naupiga pini mbili za stepla kwenye kitako kabla sijaupeleka shambani.

Rudia kuchavusha hindi hilohilo kesho yake kama chavua ipo.

Zikipita siku nne hivi, nywele zikiwa zimenyauka na kuwa kahawia, zimetungwa. Zikiendelea kurefuka, mbichi na zinazojikunja ndani ya mfuko, hazijapata chavua. Rudia mara moja, kwani bado zinapokea.

## Hatua ya 7: Vuna kizazi cha kwanza na usome rangi

Acha mahindi yakauke kwenye bua. Chomoa punje moja katikati ya hindi uangalie kitako chake. Kikiwa na alama nyeusi, hindi limekomaa.

Menya. Kama kila kitu kimekwenda sawa, punje karibu zote ni za njano, kwenye mmea ambao mbegu yake ilikuwa nyeupe. Wanafunzi hupiga kelele hapa, na wana haki.

Tazama vizuri aina ya njano. Itakuwa imepauka kuliko ya mahindi ya baba. Sehemu ya wanga ndani ya punje haina nakala mbili za jeni. Ina tatu, mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mama mweupe ameleta n mbili, baba ameleta N moja. Hiyo N moja inawasha rangi, lakini rangi si nzito. Kumbuka jambo hili, litarudi kwenye kuhesabu.

Yanayoweza kutokea na maana yake:

Nyeupe chache zimetawanyika. Mfuko ulivuja. Tenga punje za njano tu ndizo za kupanda.

Nusu njano, nusu nyeupe. Baba hakuwa NN, alikuwa Nn. Hujaharibu kitu. Punje za njano za hindi hilo zote ni Nn, zinafaa kabisa kwa hatua inayofuata.

Zote nyeupe, au zimepauka sana kwenye utosi, na una uhakika na chavua. Kuna mahindi meupe machache ambayo weupe wake unaletwa na jeni nyingine, na weupe huo unatawala. Badilisha mbegu nyeupe.

## Hatua ya 8: Kizazi cha pili

Panda punje 30 za njano za kizazi cha kwanza, zote sasa ni Nn. Vika mahindi machanga kama mwanzo, kata nywele jioni, vika mbelewele. Safari hii usiondoe mbelewele. Asubuhi, chavua ya kila mmea imwagie hindi la mmea huohuo.

Nusu ya chavua ina N na nusu ina n. Mayai yaliyo kwenye hindi nayo ni hivyohivyo. Yanakutana kwa bahati, bila kuchaguana, kama kurusha sarafu mbili kwa pamoja. Robo ya punje zitapata N kwa N, robo N ya mama na n ya baba, robo n ya mama na N ya baba, na robo n kwa n. Robo tatu njano, robo moja nyeupe. Ile nyeupe ambayo haikuonekana kizazi kizima imerudi, safi kama ya bibi yake.

Hapa mfuko ni wa lazima kuliko mara ya kwanza. Mahindi meupe ya jirani yakiingia, punje nyeupe zitazidi robo, na kwa macho hutajua ni zipi za jirani.

## Hatua ya 9: Kuhesabu

Usipukuchue. Hesabu hindi zima, mstari kwa mstari, ukichoma pini ya rangi kwenye mstari wa kuanzia ili usizunguke mara mbili. Kaa kwenye mwanga wa mchana, kivulini, kwa sababu mwanga wa balbu ya njano unadanganya. Mmoja ahesabu, mwingine aandike, kisha wabadilishane. Majibu yakitofautiana, rudieni.

Sasa lile la njano iliyopauka. Robo ya punje zako zilipata n mbili kutoka kwa mama na N moja kutoka kwa baba, kwa hiyo zina rangi hafifu. Ukiziweka upande wa nyeupe, utapata nusu kwa nusu na utadhani nadharia imeshindwa. Nimeletewa matokeo ya namna hii mara nyingi kuliko kosa lingine lolote. Weka punje nyeupe halisi ya bibi pembeni ya ile unayoitilia shaka. Bado huna hakika? Kwangua ngozi ya utosi kwa wembe. Ikiwa na njano yoyote ndani, hiyo ni njano.

Hesabu mahindi manne au zaidi na ujumlishe. Namba ndogo zinayumba. Gregor Mendel, mtawa aliyegundua kanuni hizi za urithi, alipohesabu njegere za njano na za kijani, alikuta mmea mmoja wenye 32 za njano na 1 tu ya kijani, na mwingine wenye 20 kwa 19. Alipojumlisha zote alipata 6022 kwa 2001. Kama angesimama kwenye mmea mmoja, asingeona chochote.

## Hatua ya 10: Je, hesabu yangu iko karibu vya kutosha?

Tatu kwa moja kamili huipati, na anayeileta kila mara amepika. Pima hivi.

Tuseme una punje 412: njano 298, nyeupe 114. Ulitarajia 309 kwa 103. Tofauti ni 11. Zidisha 11 kwa 11, upate 121. Gawa kwa 309, ni 0.39. Gawa tena kwa 103, ni 1.17. Jumla, bila kukata desimali, ni karibu 1.57. Ikiwa chini ya 3.84, kikomo cha kawaida cha wanatakwimu kwa kipimo hiki, tofauti hiyo inaelezeka kwa bahati tu, na uwiano wako umekubalika.

Aliyehesabu zilizopauka kama nyeupe akapata 206 kwa 206 atapata zaidi ya 137. Namba kubwa hivyo inasema kuna kosa la kuhesabu au mfuko uliovuja, si bahati mbaya.

## Kwa mkulima anayetaka kusafisha mbegu

Mwenye mahindi meupe yaliyotiwa madoa ana kazi nyepesi. Njano zilizotokea ni za chavua ya mwaka huu iliyotoka shamba la njano la karibu. Mbegu yako ya zamani haikuwa na hila. Ondoa kila punje yenye njano, hata iliyopauka, panda nyeupe tu, mbali na mahindi ya njano. Punje nyeupe haiwezi kuficha N.

Mwenye mahindi ya njano yanayotoa nyeupe ana kazi zaidi. Kutupa nyeupe hakutoshi, kwa sababu n imejificha ndani ya nyingi ya zile za njano anazozipanda tena, na itarudi mwaka hadi mwaka. Vika mifuko mimea mingi ya njano, kila mmoja ujichavushe wenyewe kama kwenye hatua ya 8. Wakati wa kumenya, hindi la mmea wa Nn litakuwa na robo ya punje nyeupe, huwezi kuzikosa kati ya mamia. Hindi la njano tupu limetoka kwa NN. Hayo ndiyo ya kuhifadhi. Changanya mbegu za mahindi mengi ya namna hiyo, maana ukipanda za hindi moja au mawili yaliyojichavusha, msimu unaofuata mimea itakuwa mifupi na mazao yatapungua.